Kai-skwea moja majibu mawili: SPSS inasema 7.238, mimi kwa mkono napata 9.78. Nani muongo?

Tasnifu_Mpaka_Lini

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kabla sijaitupa hii laptopu dirishani.

Niko sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo. Msimamizi wangu kanirudishia kazi, na pembeni ya jedwali langu kuu kaandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Kivipi?" Basi. Hakuna maelezo, hakuna mshale, hakuna nini. Siku ya tatu leo naliangalia hilo neno na lenyewe linaniangalia.

Ishu iko hivi, niligawa dodoso kwa wanafunzi 200 nikitaka kujua kama namna mtu anavyojisomea ina uhusiano na kufaulu mtihani wa mwisho wa muhula. Namna za kujisomea nimeweka tatu, peke yako, wawili wawili, na kikundi. Matokeo ni mawili tu, kafaulu au kafeli. Jedwali lililopo kwenye tasnifu ni hili:

Peke yake: wamefaulu 60%, wamefeli 40%
Wawili wawili: wamefaulu 72%, wamefeli 28%
Kikundi: wamefaulu 80%, wamefeli 20%

Nikapeleka SPSS, ile programu ya takwimu, ikatoa kai-skwea (kile kipimo cha kama vitu viwili vina uhusiano) 7.238, df (digrii za uhuru) 2, p = 0.027. Safi. Nikasema ngoja nihakikishe kwa mkono maana siku ya kutetea wanaweza wakakusimamisha ubaoni, nikachukua ile fomula, halisi toa tarajiwa, kipeo cha pili, gawa kwa tarajiwa, jumlisha zote. Nikapata 9.78. Nimerudia mara tano, 9.78. Nimeamka usiku wa manane nikarudia, 9.78. Sasa SPSS ndo inakosea au mimi sijui kugawanya? Na hiyo "kivipi" anauliza nini hasa, kivipi nimepata 7.238?

Kingine, seli zangu ni sita. Kwa nini df iwe 2 na sio 5? Nilikariri tu fomula, sijawahi kuielewa, leo nakiri hadharani.

---

mama_data

Mdogo wangu pole, laptopu iache kwanza. Kugawanya unajua vizuri tu. Hiyo 9.78 naijua ilikotoka: umeingiza asilimia kwenye fomula, si ndiyo? Umechukua 60, 40, 72, 28, 80 na 20 ukazifanya kama ndo watu wenyewe. Maana yake umeiambia fomula una watu 100 kila mstari, jumla 300, wakati dodoso zako ni 200. Nimejaribu hapa nyuma ya bahasha, imetoka 9.78 kavu kabisa.

Kai-skwea inakula vichwa vya watu, asilimia haili. Uwe na asilimia 40 ya watu 80 au asilimia 40 ya watu watano kwake ni mambo mawili tofauti kabisa, na inatakiwa iwe hivyo, kwa sababu watu watano wanaweza kukaa hivyo kwa bahati tu na hakuna atakayeshangaa. Ukiibadilishia vichwa kuwa asilimia umeiondolea kitu chenyewe inachokipima.

Weka idadi tuzione.

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Aisee. AISEE. Ndo hicho hicho nilichofanya dada, nilichukua zile za kwenye jedwali kwa sababu ndo zilikuwa mbele yangu. Siku tatu!

Idadi ni hizi:

Peke yake: 48 wamefaulu, 32 wamefeli, jumla 80
Wawili wawili: 36 wamefaulu, 14 wamefeli, jumla 50
Kikundi: 56 wamefaulu, 14 wamefeli, jumla 70
Jumla kuu: 140 wamefaulu, 60 wamefeli, wote 200

---

mama_data

Haya sasa twende pamoja, na nataka ufuate kwa akili ya kawaida, fomula iweke mfukoni kwanza.

Waliofeli wote ni 60 kati ya 200, yaani 30%. Sasa jiulize, kama namna ya kujisomea haina habari yoyote na mtihani, wale 80 wanaosoma peke yao wangefeli wangapi? Si na wao wangefeli 30% kama watu wengine wote? 30% ya 80 ni 24. Hiyo 24 ndo "tarajiwa". Watu wanakariri jumla ya mstari mara jumla ya safu gawa kwa jumla kuu, 80 × 60 / 200, ni kitu kile kile tu kimevaa suti. Haijatoka mbinguni, ni idadi ambayo ungeiona kama vigeu vyako viwili, namna ya kujisomea na kufaulu, havijuani kabisa.

Sasa umeona 32. Zimezidi 8. Nane kipeo cha pili ni 64, gawa kwa 24 unapata 2.667. Kwa nini tunagawa? Kwa sababu kuzidi kwa watu 8 mahali ulipotegemea 24 ni jambo, kuzidi kwa watu 8 mahali ulipotegemea 2,400 hakuna hata wa kugeuka kuangalia.

Seli zingine fanya hivyo hivyo. Tarajiwa kwa waliofaulu ni 56, 35 na 49, kwa waliofeli ni 24, 15 na 21. Michango ya seli inatoka:

peke yake: kufaulu 1.143, kufeli 2.667
wawili wawili: kufaulu 0.029, kufeli 0.067
kikundi: kufaulu 1.000, kufeli 2.333

Jumlisha: 7.238 na ushee. SPSS haijakosea, na wewe hujakosea kugawa, ulikosea kilichoingia.

Halafu angalia hiyo orodha tena kwa utulivu, usiikimbie. Mstari wa katikati haujachangia karibu chochote, 0.029 na 0.067. Kelele zote ziko juu na chini. Naamini hapo ndipo msimamizi wako anapogonga na kalamu yake. Hajauliza umepataje 7.238, hilo SPSS inafanya hata wewe ukiwa umelala. Anauliza uhusiano uliousema uko kivipi, yaani nani anafeli zaidi, nani kidogo, na kwa kiasi gani. Wewe uliandika nini chini ya jedwali?

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Niliandika hivi, nanukuu: "Kuna uhusiano kati ya namna ya kujisomea na kufaulu kwa kuwa p ni ndogo kuliko 0.05." Nukta. Nikahamia jedwali linalofuata.

---

mama_data

Ndo hapo sasa 😄

---

Bin Hesabu

Nidakie hilo la df maana ndo ugonjwa wangu.

Mkuu swali lako la "kwa nini 2 na sio 5" usilionee aibu hata kidogo, aliyeitunga hii kai-skwea, Karl Pearson, mwaka 1900, mwenyewe alikosea hapo hapo. Yeye kwa jedwali kama lako angesema seli sita toa moja, df 5. Ikabidi aje R. A. Fisher mwaka 1922 aandike kwamba hapana, ukishakadiria tarajiwa kutoka kwenye jumla zako mwenyewe umeshatumia sehemu ya uhuru wako. Pearson hakukubali, na hao wawili tayari walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Na sio ubishi wa kwenye makaratasi tu. Chukua 7.238 yako. Kwa df 2 mpaka wa 0.05, yaani kai-skwea inayotoa p ya 0.05, ni 5.991, umevuka, una matokeo. Kwa df 5 mpaka ni 11.070, hujavuka, huna matokeo. Data zile zile, jedwali lile lile.

Kwa nini 2, fanya hivi: chora jedwali tupu, jumla za pembeni tu ndo zimejazwa, 80, 50, 70, na chini 140 na 60. Sasa mimi nakwambia jaza unachotaka. Ukiandika 32 kwenye waliofeli peke yao, basi waliofaulu peke yao lazima wawe 48, hiyo seli haina hiari tena. Ukiandika 14 kwa wawili wawili, 36 imejileta yenyewe. Na mstari wa mwisho? Umeshaisha, waliofeli lazima wafike 60 kwa hiyo waliobaki ni 14, na waliofaulu 56. Umechagua mara mbili tu, zingine nne zilikuwa zinafuata mkumbo. Mistari mitatu toa mmoja, safu mbili toa moja, zidisha, 2 × 1 = 2. Ndo hivyo tu.

---

kipanga22

Maelezo mengi ya nini wakuu, p ni 0.027, kwa hiyo ana uhakika wa 97.3% kwamba uhusiano upo, aandike hivyo afunge kazi akalale.

---

Sampuli ya Mwisho

Kipanga hapana, hapo umempeleka mwenzio kwenye shimo, akilisema hilo mbele ya jopo watamla mzima mzima.

0.027 inajibu swali moja dogo sana: TUSEME hakuna uhusiano wowote, je, bahati tu ingeweza kunipa jedwali lililopinda kiasi hiki au zaidi? Jibu ni mara 27 hivi kwenye kila 1,000. Imeanza kwa kudhani uhusiano haupo, sasa itakupaje tena asilimia za uhusiano kuwepo? Ni kama mtu anakwambia "kama mvua haikunyesha, ni nadra kukuta uwanja umelowa", wewe ukasikia "kwa hiyo nina asilimia kadhaa kwamba mvua ilinyesha". Kuna bomba, kuna mtu kamwagilia, kuna mambo mengi.

Na p usiifanye kipimo cha ukubwa. Chukua asilimia zile zile 60, 72 na 80, lakini badala ya wanafunzi 200 una 2,000. Kai-skwea inakuwa 72.38, mara kumi kamili, p inakuwa sifuri sifuri sifuri, na ukweli uliopo chini haujasogea hata nukta. Ndo maana kuna ile V ya Cramér: gawa kai-skwea kwa idadi ya watu, kisha gawa tena kwa kile kidogo kati ya mistari toa moja na safu toa moja, hapa ni 1, halafu tafuta kipeuo cha pili. 7.238 / 200 ni 0.036, kipeuo chake cha pili 0.19. V inaanzia 0 kwenda 1. Kwa hiyo una uhusiano, upo, lakini ni mdogo, na ukiwa na watu 2,000 V itabaki 0.19 hiyo hiyo. Andika vyote viwili mkuu. Msomaji akiona p peke yake anadhani umegundua dhahabu.

---

kipanga22

Nimekaa kimya. Nimejifunza. Ila mbona kila mtu aliyenifundisha alisema hivyo hivyo 😅

---

Sampuli ya Mwisho

Na aliyenifundisha mimi pia.

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Wakuu mmenifungua macho, sasa maswali yamezaana. Moja, naonyeshaje kwenye tasnifu kwamba tatizo liko kwa wa peke yao na wa kikundi, kuna kipimo au naangalia tu kwa macho? Mbili, naruhusiwa kuandika kwamba kusoma kikundi kunasababisha mtu afaulu? Maana ndo mapendekezo yangu yote ya sura ya tano yamesimama juu ya hilo.

---

mama_data

La kwanza rahisi. Kwenye SPSS pale pale unapotengenezea jedwali mseto ingia kwenye sehemu ya seli, weka tiki kwenye masalio yaliyorekebishwa yale ya kusanifishwa. Itakupa kwa kila seli namba moja inayosomwa kirahisi: ikivuka 1.96 kwenda juu au chini, seli hiyo imejitenga na ulichotarajia. Kwako nimepiga hesabu, waliofeli: peke yake +2.52, wawili wawili −0.36, kikundi −2.26. Waliofaulu ni zile zile zimegeuzwa alama. Yaani wanaosoma peke yao wamefeli kuliko ilivyotarajiwa, wa kikundi wamefeli kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na wa wawili wawili wako pale pale. Hiyo sentensi moja ndo jibu la "Kivipi?"

Ukiwa na jedwali kubwa lenye seli ishirini huko usiwe mwepesi wa hiyo 1.96, seli moja hivi huenda ikavuka kwa bahati tu, kaza mpaka kidogo.

La pili namwachia Sampuli, naona anakuna kichwa.

---

Sampuli ya Mwisho

Kweli nakuna 😄

Mkuu, wewe uliwapangia wanafunzi wasome vipi? Hukuwapangia. Uliwakuta. Waliochagua kikundi walijichagua wenyewe, na huenda ndo wale ambao tangu mwanzo wanahudhuria, wana marafiki wanaofaulu, hawafanyi kazi usiku. Huenda aliyebaki peke yake alibaki kwa sababu alishaachwa nyuma na anaona aibu kuuliza mbele za watu. Hapo kufeli ndo kumemfanya asome peke yake, wewe umesoma kinyume. Kai-skwea haina habari na nani alitangulia, ukigeuza jedwali mistari iwe safu inatoa 7.238 ile ile, nenda kajaribu.

Kuna mfano maarufu wa chuo cha Berkeley Marekani, udahili wa shahada za juu wa mwaka 1973. Kwa ujumla wanaume waliokubaliwa walikuwa kama 44% ya walioomba, wanawake kama 35%, waombaji zaidi ya 12,000, kai-skwea hapo inapiga kelele mpaka nyumba ya pili. Walipogawanya idara kwa idara ubaguzi ule ukayeyuka, na kwa ujumla wanawake ndo wakaonekana kupendelewa kidogo. Kumbe wanawake wengi waliomba idara ngumu kuingia ambazo zinakataa watu wengi, wake kwa waume. Jedwali la jumla lilikuwa sahihi kihesabu na bado likapotosha.

Wewe una taarifa za alama zao za muhula uliopita? Kama unazo, gawanya jedwali lako mara mbili, waliokuwa vizuri na waliokuwa dhaifu, uone kama uhusiano unabaki ndani ya kila kundi. Kama huna, andika "kunaambatana na" na hayo mapendekezo yapunguze sauti.

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Sina. Dodoso halikuuliza. Natamani ningekuja hapa miezi nane iliyopita.

Basi nimalize la mwisho kabisa halafu niwaache mpumzike. Nina jedwali lingine, mwaka wa masomo (wa kwanza mpaka wa tano) kwa kuridhika na maktaba (ngazi tano kuanzia siridhiki kabisa). SPSS chini imeniwekea ujumbe kwamba seli 11, yaani 44%, zina tarajiwa chini ya 5, na ndogo kabisa ni 0.60. Hiyo ni kosa au onyo?

Na jingine niliuliza "kwa nini hujisomei vya kutosha, weka tiki kwa yote yanayokuhusu", nimepata majibu 347, nilitaka kuipiga kai-skwea na jinsia.

---

Bin Hesabu

Hilo la tiki nyingi usiliguse na kai-skwea ya kawaida. Watu wako ni 200 na majibu ni 347, kwa hiyo kuna mtu kahesabiwa mara mbili, kuna wa mara nne. Msingi wote wa hii kitu ni kwamba kila mtu anakaa kwenye seli moja tu na kuingia kwake hakumhusu mwenzake. Mtu mmoja aliyetiki sababu nne anapiga kura nne. Unachoweza kufanya ni kuvunja kila sababu iwe kigeu chake, katiki au hajatiki, hapo kila mtu anahesabiwa mara moja, unapata majedwali madogo ya mbili kwa mbili, moja kwa kila sababu. Ila ukiwa na sababu nane ni vipimo vinane, usije ukashangilia kimoja kilichopata 0.04.

Na hapo kwenye mbili kwa mbili SPSS itakuletea mistari kibao ya majibu, watu huwa wanachukua wenye p nzuri 😂 Chukua ule wa juu wa Pearson kama tarajiwa zako zote ziko vizuri. Ule wenye marekebisho ni wa Yates, 1934, unapunguza kai-skwea kidogo na wengi siku hizi wanaona unabana kupita kiasi. Tarajiwa zikiwa ndogo shuka kwenye ule wa Fisher unaokokotoa uwezekano wenyewe bila kukadiria.

---

mama_data

La maktaba ni onyo, na ni onyo la kusikiliza. Kai-skwea ni makadirio, tarajiwa zikiwa ndogo sana hayo makadirio yanaanza kuyumba, maana kugawa kwa 0.6 mtu mmoja tu akidondokea hapo anapaisha jumla yote. Kanuni wanayoitumia wengi ni ya Cochran, 1954: zisizidi 20% ya seli zenye tarajiwa chini ya 5, na isiwepo hata moja chini ya 1. Wewe umevunja zote mbili. Na angalia, ni TARAJIWA, sio halisi, watu wanaona seli ina sifuri wanaanza kukimbia hovyo wakati tarajiwa yake ni 9.

Nipe jumla za pembeni.

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Mwaka wa kwanza mpaka wa tano: 65, 55, 45, 25, 10. Kuridhika kuanzia siridhiki kabisa kwenda juu: 12, 30, 38, 50, 70.

---

mama_data

Ndo hiyo, 10 × 12 / 200, ile 0.60 yako. Wa mwaka wa tano ni kumi tu, mstari wao wote uko chini ya 5, na safu ya "siridhiki kabisa" nayo yote iko chini ya 5.

Unganisha mwaka wa nne na wa tano waitwe "miaka ya mwisho", 35. Unganisha "siridhiki kabisa" na "siridhiki", 42. Sasa una jedwali la nne kwa nne, tarajiwa ndogo kabisa ni 35 × 38 / 200, yaani 6.65, umevuka salama na df inashuka kutoka 16 kwenda 9. Ila unganisha vitu vinavyokaa pamoja kimaana, na uamue kwa kuangalia jumla za pembeni kabla hujaona p. Nimeshaona mtu anaunganisha "siridhiki kabisa" na "naridhika sana" kwa sababu vyote vilikuwa vidogo. Na nimeshaona, niseme ukweli mtu mwenyewe ni mimi enzi hizo, anaunganisha na kutenganisha jioni nzima mpaka p ifike 0.049.

---

kipanga22

Na mimi nidandie hapa hapa. Nilipima watu 60 kabla ya mafunzo na wale wale 60 baada ya mafunzo, anajua au hajui. Naweka mistari kabla/baada, safu anajua/hajui, napata watu 120, napiga kai-skwea. Sawa?

---

Bin Hesabu

Sio sawa, una watu 60 ambao umewahesabu mara mbili. Hapo unataka kipimo cha McNemar, cha 1947. Jedwali lake ni la watu 60 kweli: mstari ni hali yake kabla, safu ni hali yake baada. Waliokuwa wanajua wakabaki wanajua, na wasiojua wakabaki hivyo, hao hawakwambii kitu, waache. Unawaangalia waliobadilika tu. Tuseme 18 walitoka kutojua kwenda kujua, 6 wakarudi nyuma. 18 toa 6 ni 12, kipeo cha pili 144, gawa kwa 24 waliobadilika, unapata 6.0, df 1, mpaka 3.841, umevuka. Hesabu ya dakika moja.

---

kipanga22

Waliorudi nyuma baada ya mafunzo yangu. Inauma lakini wapo kweli, kama wanne hivi 😂 Asante mkuu.

---

Tasnifu_Mpaka_Lini

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho. Niliandika hivi chini ya lile jedwali, safari hii idadi zikiwa mbele na asilimia nyuma yake:

"Waliofeli walikuwa 32 kati ya 80 waliojisomea peke yao (40%), 14 kati ya 50 waliosoma wawili wawili (28%) na 14 kati ya 70 waliosoma katika kikundi (20%). Tofauti hii ni kubwa kuliko inayotarajiwa kwa bahati, χ²(2, N = 200) = 7.24, p = 0.027, ingawa uhusiano wenyewe ni mdogo, V = 0.19. Masalio yaliyorekebishwa yanaonyesha kwamba waliosoma peke yao walifeli zaidi ya ilivyotarajiwa (2.52), waliosoma katika kikundi walifeli kidogo kuliko ilivyotarajiwa (−2.26), na waliosoma wawili wawili hawakutofautiana na ilivyotarajiwa. Hivyo kusoma katika kikundi kunasaidia kufaulu."

Imerudi jana. Alama ya tiki kwenye sentensi tatu za kwanza. Ya mwisho kaipiga mstari mwekundu kwenye "kunasaidia", na pembeni kaandika tena neno moja: "Umejuaje?"

---

Sampuli ya Mwisho

😂😂😂 Tulikwambia.

---

mama_data

Mdogo wangu huyo msimamizi usimwache.